Mwanafunzi wa Udaktari na Amana ya Utafiti

Mwenyezi Mungu amemtofautisha mwanadamu na wanyama kwa kumpa akili ya kuuliza. Mnyama akiumwa hulala kivulini akangoja apone au afe. Mwanadamu akiumwa huuliza ni nini kimempata, na dawa yake iko wapi. Katika swali hilo ndimo ulimotoka utabibu wote, tangu mizizi waliyochimba wazee wetu hata chanjo zitolewazo leo katika zahanati. Qurani Tukufu yamfundisha Mwislamu kuomba azidishiwe elimu, na Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) aliwafahamisha wafuasi wake kwamba hakuna maradhi yaliyoletwa duniani bila ya kuletewa dawa yake. Maana ya mafundisho hayo ni kwamba dawa ipo, nasi tumeachiwa kazi ya kuitafuta.

Lakini kuitafuta dawa kuna jambo moja zito lisilokuwamo katika kutafuta vitu vingine. Hapa Mbegani, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, kipo chuo cha uvuvi. Vijana hufundishwa humo kumpima samaki urefu na uzito, na kumpasua ili watazame yaliyomo tumboni, wapate kujua hali ya bahari yetu. Samaki haulizwi kama ameridhia. Mwanafunzi wa udaktari, kwa upande wake, hujifunza kwa mwili wa binadamu mwenziwe, mwenye roho na haya, mwenye watoto wanaomngoja nyumbani.

Kijana mmoja wa pwani hii anayesomea udaktari aliniletea swali linalohusu jambo hili. Alisema: "Mwalimu, chuoni tunahimizwa kufanya utafiti kabla hatujahitimu. Twaenda vijijini, twawauliza watu maradhi yao, na mara nyingine twawatoa damu. Kisha twaandika, twapewa alama, nasi twaondoka. Yule bibi aliyenipa damu yake amepata nini? Je, ninayo haki ya kujifunza kwa mwili wake?"

Naona swali hilo lastahili kujibiwa mbele ya wasomaji wote, kwani haliwahusu madaktari peke yao. Kila atafutaye elimu huitafuta kwa gharama ya mtu fulani, na yafaa ajue gharama hiyo imelipwa na nani.

JE, AULIZE ALIYE MWANAFUNZI BADO?

Kwanza tutazame kama utafiti wamfaa mwanafunzi hata kidogo. Wapo wasemao kwamba kazi yake ni kushika aliyofundishwa na kufaulu mitihani, na kwamba utafiti ni kazi ya mabingwa wenye mvi. Maneno hayo yana sehemu ya ukweli. Asiyejua yale yanayojulikana hawezi kuyatambua yasiyojulikana, na mwanafunzi anayekimbilia utafiti huku hajui kusikiliza moyo wa mgonjwa amejenga paa kabla ya ukuta.

Hata hivyo, historia yatuonyesha kwamba mara nyingi jambo lililofichika limefunuliwa na mtu aliyekuwa bado darasani. Mfano mmoja ni wa nchi yetu wenyewe, ingawa si wa udaktari. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba huko Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Alitia maziwa yake katika friji yangali moto, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa bila kuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu wake, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne aliyekuja kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, na wanafunzi wenziwe wakamcheka. Osborne alirudi Dar es Salaam akalijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ambayo imelifanya jina la Mpemba lijulikane duniani kote. Wataalamu wangali wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo, lakini wanabishana kwa kupima, na kupima huko kulianzishwa na swali la mtoto wa shule.

Mfano wa pili wauhusu udaktari wenyewe. Katika karne ya 13 aliishi Kairo tabibu Mwislamu aitwaye Ibn al-Nafis, aliyefariki mwaka 1288. Tangu zama za Galen, zaidi ya miaka elfu moja nyuma yake, matabibu waliamini kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kwa kupitia vitundu vidogo vilivyo katika ukuta wa kati. Ibn al-Nafis, katika ufafanuzi aliouandika mwaka 1242 juu ya maungo ya mwili katika kitabu cha Ibn Sina, alisema wazi kwamba ukuta huo hauna vitundu, na kwamba damu hupita mapafuni kwanza, ikachanganyika na hewa, ndipo ikafika upande wa pili. Maneno yake yakasahauliwa, na sifa ya jambo hilo ikawaendea wanazuoni wa Ulaya wa karne ya 16.

Ni nani aliyeyafufua? Ni Muhyi al-Din al-Tatawi, Mmisri aliyekuwa akiandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani. Mwaka 1924, akisoma mswada wa Kiarabu uliokuwa umehifadhiwa Berlin, alikutana na maneno hayo. Waalimu wake walistaajabu, wakamwandikia Max Meyerhof, bingwa wa historia ya utabibu aliyekuwa akiishi Kairo, naye akathibitisha kwamba kijana amesema kweli. Karne saba karibu zilikuwa zimepita.

Basi twaona kwamba ugeni wa mwanafunzi una faida yake. Bado hajazoea kunyamaza mbele ya jambo asilolielewa. Mwanafunzi anayefundishwa kutafiti hujifunza pia kusoma utafiti wa wengine kwa macho makali, na daktari asiyeweza kufanya hivyo ataamini kila karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa. Ndiyo maana vyuo vyetu, kama vile Muhimbili iliyoanza kama shule ya udaktari mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, huwahimiza vijana wao watoke waende kuchunguza afya za watu na kuandika waliyoyaona.

Kwa hiyo jibu la sehemu ya kwanza ni kwamba naam, mwanafunzi na aulize. Uzito uko katika sehemu ya pili: aulize kwa njia gani, na kwa gharama ya nani?

NJIA MBILI ZILIZOPOTOKA

Robert Koch wa Ujerumani alikuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa utabibu. Mwaka 1882 alikitambua kijidudu cha kifua kikuu, na mwaka 1905 akapewa tuzo ya Nobel. Mwaka 1906 alikuja Afrika Mashariki kutafuta dawa ya malale, maradhi yaliyokuwa yakiua watu kwa maelfu kandokando ya Ziwa Viktoria. Katika visiwa vya Ssese, Uganda, aliweka kambi akawadunga wagonjwa dawa iitwayo atoksili, ambayo ndani yake mna aseniki. Mwanzoni wengi walionyesha nafuu. Nafuu ilipokatika, akazidisha kipimo, na wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka.

Hatusemi kwamba Koch alikuja kwa nia ya kuwadhuru. Malale yalikuwa yanaua, naye alitaka kuyakomesha. Lakini na tuwatazame wale watu wa Ssese: wanaumwa, wako chini ya utawala wa kigeni, na mbele yao amesimama bwana mkubwa mwenye sindano. Ni nani miongoni mwao angaliweza kusema, "Sitaki"? Elimu ilipatikana, kwani ulimwengu ulijifunza kwamba atoksili ni dawa ya hatari. Waliolipia elimu hiyo kwa macho yao hawakuulizwa kama wako tayari kuilipia.

Mfano wa upande wa pili ni wa mwanafunzi. Mjini Lima, nchini Peru, mwaka 1885, Daniel Carrión aliyekuwa akisomea udaktari alitaka kujua kama homa kali iliyoitwa homa ya Oroya na maradhi ya vinundu vya ngozi ni ugonjwa mmoja au ni magonjwa mawili. Hakumtafuta maskini wa kumjaribia. Alichanjwa yeye mwenyewe kwa damu ya mgonjwa wa vinundu. Baada ya wiki tatu hivi akashikwa na homa. Akawa anaandika dalili zake siku kwa siku, na alipodhoofika wenziwe wakaendelea kuandika. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo alifariki. Ikadhihirika kwamba magonjwa yale mawili ni mamoja, na watu wa Peru huiadhimisha tarehe hiyo kuwa siku ya udaktari nchini mwao.

Twamheshimu kijana huyo kwa ujasiri wake na kwa kukataa kumtwika mwingine mzigo wake. Lakini dini haimtaki kila mwanafunzi afanye kama yeye. Qurani Tukufu yakataza mtu kujitupa katika maangamizo kwa mikono yake mwenyewe, na mwili wa mtu ni amana ya Mungu kwake kama ulivyo mwili wa jirani yake. Njia iliyonyooka ni kwamba hatari itazamwe kabla ya kuanza, ifanywe kuwa ndogo kadiri iwezekanavyo, dawa iwe tayari, na mwenye mwili ajue na akubali kwa hiari yake.

YALIYOTENDEKA BAGAMOYO

Je, njia hiyo yawezekana? Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo chimbuko lake ni maabara ndogo iliyofunguliwa Ifakara mwaka 1957, inacho kituo cha utafiti mjini Bagamoyo. Taarifa moja iliyochapishwa mwaka 2014 yaeleza jinsi vijana wa kiume kutoka Dar es Salaam walivyokubali kudungwa vijidudu hai vya malaria kituoni hapo, ili ijulikane kama chanjo zaweza kujaribiwa kwa njia hiyo. Walidungwa kwa kipimo kilichojulikana, wakaangaliwa kwa karibu, na vijidudu vilipoonekana katika damu wakapewa dawa. Waliingia hatarini kama Carrión, lakini hawakuachwa wafe kama yeye.

Kabla ya hao, watoto wachanga 340 wa Bagamoyo walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Kutoka mwaka 2009 hadi 2014 majaribio makubwa zaidi yalifanywa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika, na kwa Tanzania yalifanyika Bagamoyo na Korogwe. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa Afrika. Chanjo ya pili, R21, iliyopendekezwa mwezi Oktoba 2023, nayo ilijaribiwa Bagamoyo pamoja na sehemu za Kenya, Mali na Burkina Faso.

Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Mama mmoja wa Bagamoyo alimbeba mtoto wake mgongoni, akampeleka kituoni, akakubali achomwe sindano ambayo hakuna aliyejua kwa yakini kama itamkinga. Leo yuko mtoto huko Ghana au Malawi ambaye hakuugua malaria kwa sababu ya mama yule, naye hatamjua maisha yake yote. Qurani Tukufu yatufundisha kwamba kuiokoa nafsi moja ni sawa na kuwaokoa watu wote. Basi tuseme nini juu ya yule aliyesaidia kuokoa wengi kwa mkono mdogo wa mwanawe?

UVUMI WA MUMIANI NA MAANA YAKE

Pamoja na hayo, damu haitoki kwa mtu bila ya shaka kuingia moyoni. Watu wa pwani walijua neno mumiani. Tangu zama za wakoloni ulienea uvumi katika miji ya Afrika Mashariki kwamba wako watu wanaowakamata wenzao usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Wakashukiwa wazima moto, wakashukiwa na watu wa hospitali. Mwanafunzi wa udaktari anayefika kijijini na chupa zake ndogo akasikia watu wakinong'ona neno hilo huenda akacheka, akasema, "Huu ni ujinga."

Namshauri asicheke upesi. Habari yenyewe ni ya uongo, lakini ndani yake mna lalamiko la kweli. Wanaonong'ona wanasema hivi: "Ametujia mgeni asiyetujua, amechukua kitu cha miili yetu, ameondoka nacho, wala hatukujua kimekwenda wapi, wala hatukuona faida yake." Mtafiti anayekuja, akachukua, akaenda zake, huupa uvumi ule chakula cha miaka mingine kumi. Na mtafiti anayerudi akawaambia watu, "Damu yenu tuliipima, na haya ndiyo tuliyoyaona," huuvunja uvumi kwa namna ambayo hotuba haiwezi kuuvunja.

Hapa ndipo ninapolipata jibu la swali la kijana yule. Mwanafunzi anayo haki ya kujifunza kwa mwili wa mwenziwe, lakini haki hiyo ni ile ya mkopaji. Aliyekopa si mwizi, maana ameomba na akapewa. Wala si mwenye mali, maana yampasa kurudisha. Na wahenga wamesema, dawa ya deni kulipa. Kutoka katika asili hiyo hutoka wajibu tatu, nami nitazieleza moja baada ya nyingine.

HEWALA HAIGOMBI

Wajibu wa kwanza ni kuomba kwa kweli. Azimio la Helsinki, lililotolewa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, lataka kila anayefanyiwa utafiti aelezwe na aridhie kwa hiari. Hapa kwetu Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na utafiti wa afya hupimwa kwanza na kamati za maadili kabla ya kuruhusiwa. Hayo ni mema, na mwanafunzi asitafute njia ya kuyakwepa kwa kusema kwamba kazi yake ni ndogo.

Lakini karatasi iliyotiwa sahihi yaweza kuwa tupu. Sisi watu wa pwani tumelelewa katika adabu ya kutomwaibisha mgeni. Kijana aliyevaa koti jeupe akipiga hodi, akaamkia "Shikamoo, bibi," akaeleza shida yake, bibi atajibu, "Hewala, mwanangu." Tuna msemo kwamba hewala haigombi. Bibi amesema hewala ili asigombane na mtu, au kwa kuwa aona haya kusema hakufahamu, au kwa kuwa ahofu kwamba akikataa hatatibiwa siku atakapofika hospitali. Kibali cha namna hiyo hakimtoshi mtu amwogopaye Mungu.

Basi afanye nini? Aeleze kwa Kiswahili chepesi, bila ya kujificha nyuma ya maneno ya darasani. Amwambie bibi wazi kwamba akikataa hatapungukiwa na kitu, na kwamba hata akikubali leo aweza kujitoa kesho. Amwombe aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichofahamu. Ampe muda azungumze na mumewe, au mwanawe, au jirani anayemwamini. Na bibi akisema "Sitaki, mjukuu wangu," kijana amshukuru kwa moyo mweupe na kuondoka. Kwa kadiri anavyoweza kulipokea neno "sitaki", atajijua kama alikuja kuomba au alikuja kuchukua.

UKWELI WA KALAMU

Wajibu wa pili ni kuandika kweli. Siku za mwanafunzi ni chache, jua ni kali, nyumba ziko mbalimbali, na mwalimu anataka majibu ya watu mia. Shetani humjia chini ya mwembe, akamwambia, "Umekwisha kupata 80, hizo 20 zilizobaki jaza mwenyewe, wote hujibu namna moja." Au matokeo yanapokataa kuafikiana na aliyoyatarajia, humwambia, "Yaondoe haya mawili, picha itapendeza."

Aonaye kwamba hilo ni kosa dogo la shuleni na afikiri mwisho wake. Maandishi ya utafiti hayakai peke yake. Mwingine huyasoma akajenga juu yake, na wa tatu akajenga juu ya wa pili, hata mwishowe daktari aliye mbali sana akampa mtoto kipimo fulani cha dawa kwa sababu hesabu zilisema hivyo. Tarakimu ya uongo ni shahidi wa uongo, na aliyedhulumiwa na ushahidi huo hawezi hata kumjua aliyemdhulumu. Qurani Tukufu yatuonya tusifuate tusilolijua, na yasema kwamba sikio na jicho na moyo vitaulizwa. Jicho lililoona watu 80 litaulizwa kwa nini kalamu iliandika 100.

Katika jambo hili majaribio ya chanjo yana funzo zuri. Mwaka 2012 yalipotoka matokeo ya chanjo ya RTS,S kwa watoto wachanga, yalikuwa hafifu kuliko yalivyotarajiwa: ilipunguza malaria kwao kwa kiasi cha theluthi moja tu. Watu walikuwa wametumia miaka mingi na mali nyingi. Hata hivyo matokeo yalitangazwa jinsi yalivyokuwa, na kwa sababu hiyo ulimwengu ulijua ni watoto wa umri gani wanaofaidika zaidi. Ukweli usiopendeza ulikuwa na manufaa kuliko uongo ambao ungalipendeza.

KULIPA DENI

Wajibu wa tatu ni kurudisha. Na kurudisha huanza mapema, wakati wa kuchagua swali. Wapo vijana wanaochagua swali kwa kutazama ni lipi litakalochapishwa upesi katika jarida la ng'ambo, au litakalowapatia nafasi ya masomo. Kupenda kuendelea si dhambi. Lakini Mtume Mtukufu (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali hupimwa kwa nia zake, na yule anayemtoa damu maskini ili jina lake lipate kuchapwa amekopa bila ya nia ya kulipa.

Maswali yenye faida yamejaa barazani kwetu. Mtu wa pwani hii anajua busha na matende. Tanzania ilianza mwaka 2000, kisiwani Mafia, mpango wa kugawa dawa kwa watu wote ili kuyakomesha maradhi haya yaletwayo na mbu. Lakini mvuvi ambaye tayari ana busha hapungukiwi na dawa tu, aona haya. Huvaa kikoi kipana, hujitenga na wenziwe, huacha hata kuingia chomboni, wala haendi kwa daktari wa upasuaji. Kwa nini haendi? Anaogopa kisu, au nauli, au maneno ya watu? Mwanafunzi mmoja mwenye subira, daftari na adabu aweza kulijibu swali hilo katika wiki chache bila ya kumtoa mtu tone la damu, na jibu lake likamfaa mganga mkuu wa wilaya kuliko hotuba nyingi.

Kisha, kazi ikiisha, arudi. Alete karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili, aisome mbele ya watu, msikitini au shuleni au chini ya mti wa mkutano, naye akubali kuulizwa. Aliyeonekana ana ugonjwa aambiwe kwa siri na aelekezwe kwenye matibabu. Kumwona mtu anaumwa, ukamwandika daftarini, ukamwacha na ugonjwa wake, ni jambo baya mbele ya Mungu na mbele ya watu. Siri alizoambiwa azitunze kama amana ya yatima. Na maandishi yake yasipotee kabatini, kwani mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu vivyo hivyo. Tumekwisha kuona jinsi maneno ya Ibn al-Nafis yalivyolala karne nyingi yakingoja msomaji.

KWA VIJANA, NA KWA WENYE KUTAFUTA

Huenda msomaji ambaye si daktari akasema kwamba haya hayamhusu. Lakini mtu aliyetoka katika dini ya wazazi wake kwa sababu alitafuta kweli, au yule ambaye angali anatafuta na kusoma kurasa hizi kwa tahadhari, ni mtafiti kama yule kijana. Yeye pia amelazimika kuuliza alipoambiwa anyamaze, na kulikubali jibu hata lilipomwumiza. Basi asiwaogope vijana wake wakiuliza, wala asidhani kwamba imani huhifadhiwa kwa kuwafunga midomo. Mungu aliyeumba moyo na mapafu haogopi mtu akichungulia jinsi damu inavyopita humo.

Nawe kijana unayesomea udaktari, ingia katika utafiti mapema, chini ya mwalimu mwaminifu, kwa swali dogo unaloweza kulimaliza. Usingoje uwe bingwa. Lakini kila unapofungua daftari lako, kumbuka kwamba kila mstari ndani yake umekopwa kwa mtu mwenye jina, aliyekuvumilia ulipokuwa hujui hata kuutafuta mshipa wa mkono wake. Siku utakapokuwa tabibu hodari, wengine watakuja kwako wapone kwa sababu ya yale uliyojifunza kwake. Huko nako ni kulipa, ila kusikufanye umsahau aliyekukopesha wa kwanza.

Na bibi yule ambaye damu yake iliulizwa katika swali, kama alielezwa akafahamu, akatoa kwa hiari, na akaletewa habari ya alichokitoa, basi yeye ni mwalimu wa huyo kijana, na ni mshirika katika thawabu ya kila mgonjwa atakayepona. Kama hakufanyiwa hayo, deni bado lipo, na njia ya kurudi kijijini ingali wazi.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa na mioyo yenye kuogopa dhuluma, awaponye wagonjwa wetu, na awalipe kheri wale wote waliotoa miili yao ili wengine wapate afya. Amin.